Naenda Qingming na wakwe kwa mara ya kwanza: makaburini nifanye nini, nisifanye nini?

Neema_GZ

Habari za humu wakuu.

Nimeolewa na Mchina wa Guangdong, tunaishi Guangzhou, ndoa bado mbichi. Mwaka jana mwezi wa nne sikuwepo China, kwa hiyo hili la Qingming, siku ya Wachina kusafisha makaburi ya wazee wao, lilinipita. Mwaka huu halinipiti. Mama mkwe ameshapiga simu: tuondoke alfajiri kabla ya foleni, na nivae viatu vya kupandia mlima. Nikajiuliza, si tunakwenda makaburini jamani, mlima umetokea wapi?

Mume wangu nikimuuliza ananijibu "utafuata wenzako tu". Basi ndiyo maelezo yote hayo.

Ninachotaka kujua: nivae nini, nibebe nini, bahasha ya pesa ipo au haipo? Nikishikishwa udi naufanyaje? Kupiga magoti ni lazima? Mimi ni Mkatoliki, na mama yangu mzazi ameshaanza kuuliza kama nakwenda kuabudu mizimu. Halafu hizo pesa wanazochoma ni pesa kweli?

Kinachonitia tumbo joto hasa ni kwamba ukoo mzima utakuwepo, wengine sijawahi kuonana nao hata siku moja. Sitaki nionekane sina adabu mbele ya watu wote wale. Waliowahi kwenda naomba mwongozo. Wenye kejeli nipisheni.

Nawasilisha.

---

kipara_ngoto

Pesa zichomwe na mimi nipo hai? Waambie wanipe mimi nitazifikisha.

Ila kiukweli dada huo ni ushirikina. Siku hiyo umwa kichwa.

---

mama_wawili

Neema mdogo wangu, usiumwe kichwa. Ukikosa Qingming ya kwanza baada ya ndoa watu watakaa kuhesabu sababu mpaka ya mwaka ujao.

Mimi nimeolewa upande wa Kaiping, Jiangmen, Guangdong hiyohiyo, na wanangu sasa wanapanda kile kilima wakiniacha nyuma. Nakueleza mambo ya kwetu. Kijiji cha pili wanaweza kuwa na yao, kwa hiyo ukikwama popote mtazame mama mkwe wako mikono yake inafanya nini.

Kwanza ivue sura ya msiba. Huendi kuomboleza, unakwenda kufanya kazi na baadaye kula. Ukifika na leso mkononi na macho mekundu, watakuuliza umepatwa na nini. Utakuta watoto wanakimbizana, wajomba wanavuta sigara na kubishana bei za nyumba, shangazi wanamenya machungwa huku wakichambana. Aliyefiwa karibuni huyo ni habari nyingine, analia na wanamwacha alie. Kwa wengine wote ni siku ya ukoo kuonana, na wazee waliolala mle ndani wanahesabiwa kuwa wamo kwenye kikao.

Viatu vya mlima mama mkwe hajakutania. Makaburi ya zamani ya huku kusini yamewekwa ubavuni mwa kilima kwa kufuata feng shui, elimu yao ya kuchagua mahali penye bahati: mgongo uegemee mlima, mbele kuonekane maji au uwazi. Yanajengwa mviringo kama kiti chenye mikono. Barabara haifiki, na njia ya mwaka jana imeshafunikwa na majani. Vaa mikono mirefu, suruali nzito, rangi iliyotulia. Nyekundu iache nyumbani. Wajawazito wazee huwa hawapendi waende, kwa hiyo kama kuna habari njema mwambie mama mkwe mapema, utapumzishwa bila ugomvi.

Kazi inaanza na mundu na jembe. Wanaume wanafyeka, wewe zoa majani, usisubiri kuambiwa. Kisha inatoka kopo ndogo ya rangi nyekundu na brashi nyembamba, maana herufi zilizochongwa kwenye jiwe zinapakwa upya kila mwaka. Ukipewa brashi usikatae. Unachovya kidogo tu, unafuata mfereji wa herufi kutoka juu kwenda chini, ikivuja unaipangusa kwa kitambaa kabla haijakauka. Pale pembeni ya jina la marehemu kuna safu za majina madogo: ni wana na wajukuu waliosimamisha jiwe. Babu wa mumeo utamkuta hapo, akiwa kijana bado. Shangazi mmoja atakuwa amesimama nyuma yako anakusahihisha kila mstari, mzoee.

Rangi ikikamilika, wanabana karatasi juu ya kaburi kwa mawe. Hiyo ni alama kwamba mwenye kaburi ana watu. Kaburi ambalo Aprili inaisha halina karatasi, wapita njia wanasema ukoo umekatika au watoto wamepotelea mjini.

Sasa kuna kitu kinawapita wageni wengi. Pembeni ya kaburi utaona jiwe dogo, watu wanaweza hata kuegesha begi hapo. Usiweke begi. Hilo ni la mungu wa ardhi anayelinda eneo, wao wanamwita Houtu, naye anasalimiwa kwanza kabla ya wenye kaburi. Mwenye nyumba kabla ya mpangaji.

Vyakula vinapangwa mbele ya jiwe: kuku mzima wa kuchemsha na kichwa chake, kitimoto cha kuchoma mzimamzima ngozi inapasuka kama inavyotakiwa, matunda, maandazi ya mvuke, muwa, vikombe vidogo vya chai na vya pombe ya mchele, vijiti vya kulia vimewekwa kabisa. Nguruwe hakatwi mpaka ibada iishe, hata mtoto alie vipi.

Kuhusu udi: utapewa vijiti vitatu vimeshawashwa. Vikiwa na ndimi za moto, vizime kwa kutikisa au kupunga mkono, usipulize kwa mdomo. Shika kwa mikono miwili, inua usawa wa paji la uso, inama mara tatu, chomeka mchangani. Mstari unakwenda kwa kizazi, umri hauhesabiwi. Kwetu kuna "babu mdogo" bado yuko chuo, na wazee wenye mvi wanamsubiri atangulie kwa sababu yeye ni kizazi cha juu yao. Wewe simama na mumeo. Magoti wengine wanapiga, wengine wanainama tu, na kijana wa mjini anayeinama tu hakuna anayemshangaa.

Pesa za kuchoma ni karatasi tu, kipara usiumie. Zipo noti za Benki ya Ahera zenye sifuri nyingi kuliko unavyoweza kusoma, na zipo karatasi za fedha na dhahabu zinazokunjwa umbo la vipande vya madini ya kale. Ya dhahabu kwa kawaida ni ya miungu, ya fedha ni ya wafu wetu. Usiku wa kuamkia safari utakalishwa ukunje mpaka vidole viwe vyeusi. Siku hizi wanauza mpaka nguo, gari, nyumba na simu za karatasi. Mama mkwe wangu aliwahi kurudisha simu dukani kwa sababu boksi halikuwa na chaja. Baba mkwe akamuuliza umeme huko atauchomeka wapi, hakujibiwa.

Wakati wa kuchoma usichokonoe moto kwa fimbo, wanasema noti zinafika zimechanika. Wengine wanaandika jina la mpokeaji juu ya pakiti. Na karatasi chache zinatupwa kando kwa ajili ya wafu wasio na watu, ili wasije wakawapora wenzao.

Ila angalia sheria. Kanuni ya serikali kuu ya mazishi ya mwaka 1997 inakataza kutengeneza na kuuza vifaa vya mazishi vinavyohesabiwa ni ushirikina, na bado maduka yanauza, kila mtaa na ukali wake. Kinachofuatiliwa kwa dhati ni moto wa misitu. Chini ya vilima vingi utakuta walinzi wanakusanya viberiti na fataki, pengine wanakupa maua ubadilishane na karatasi. Kwenu wakikataza moto, chomeni palipojengwa tanuri, au mrudi nazo. Msibishane na mlinzi. Na yeye ana makaburi ya kwao ambayo siku hiyo hajaenda.

Bahasha hakuna. Bahasha nyeupe ni ya msibani. Huko kiasi kinakuwa cha namba isiyogawanyika kwa mbili, mfano yuan 101, na huku kusini unarudishiwa kipakiti chenye pipi na sarafu. Pipi unaila na sarafu unaitumia kabla hujafika nyumbani. Nakueleza ili usichanganye. Kwa Qingming beba matunda, maji mengi na mfuko wa taka. Maua ya krisanthemum meupe au ya njano ni sawa kabisa.

Halafu nguruwe anakatwa. Hapa sikiliza vizuri. Wakantoni, yaani wenyeji wa huku Guangdong, wana usemi wao kwamba babu mkuu akigawa nguruwe kila mmoja ana fungu lake. Zamani ukoo ulikuwa na mashamba ya pamoja, mapato yake yananunua nguruwe wa Qingming, na fungu lilikuwa la wanaume wa ukoo. Aliyefukuzwa kwenye ukoo alinyimwa nyama. Kwa hiyo ukipewa fungu lako, lipokee kwa mikono miwili hata kama huli kitimoto. Utalitoa baadaye kwa jirani. Mbele yao lipokee.

---

Neema_GZ

Shikamoo dada. Asante sana, nimesoma mara mbili na nimemsomea mume, anacheka tu kuhusu chaja.

Bado lile la dini. Kuinama na udi mbele ya jiwe, mimi Mkatoliki, inakuwaje?

---

katekista_mstaafu

Binti, swali lako Roma walilibishania zaidi ya miaka mia, na lilianzia karibu na hapo ulipo. Padri Matteo Ricci, Mjesuiti, alifungua nyumba ya kwanza ya wamisionari Zhaoqing, Guangdong hiyohiyo, mwaka 1583 pamoja na mwenzake Michele Ruggieri. Ricci alitazama heshima hizi kwa wazee na kwa Confucius, mwalimu wao mkuu wa kale, akaona ni adabu ya kifamilia na ya kijamii, hivyo Mkristo anaweza kushiriki. Wadominika na Wafransisko waliokuja baadaye wakakataa, wakasema ni ibada kwa wafu.

Mfalme wa China, Kangxi, mwenyewe aliulizwa, akajibu mwaka 1700 kwamba ni heshima, si kuomba chochote. Roma haikushawishika. Papa Klementi XI akakataza mwaka 1704 na tena 1715. Kangxi aliposoma tafsiri ya katazo la pili alikasirika, na mwaka 1721 akaandika kwamba wamisionari wasihubiri tena nchini mwake. Benedikto XIV akalifunga kabisa mwaka 1742. Fikiria Wakatoliki wa Kichina wa miaka hiyo: siku ya kikao cha ukoo, wao wako nje ya mstari.

Tarehe 8 Desemba 1939, chini ya Papa Pius XII, Roma ikaruhusu. Kuinama mbele ya marehemu, picha yao au kibao chenye jina lao tu ikahesabiwa ni heshima halali. Kwa hiyo kuinama kwako hakuna tatizo. Kuwaomba wafu baraka au bahati, au kuwapelekea pesa huku ukiamini zinafika, hapo ndipo dhamiri yako inapohusika. Ongea na paroko wako, na kule kilimani sali sala yako ya marehemu kimoyomoyo.

Waprotestanti wengi wa Hong Kong ninaowafahamu hawashiki udi. Wanapeleka maua, wanafyeka kama wengine, wanasimama kimya. Familia zimezoea. Kinacholeta maneno ni kutokufika.

---

mama_wawili

Shikamoo mzee. Ni kweli tupu. Kwetu wifi mmoja ni mlokole, yeye ndiye bingwa wa mundu. Hakuna anayemuuliza udi.

---

mkazi_wa_beijing

Niongezee ya kaskazini ili mtu asidhani China nzima inapanda mlima. Huku wengi wanachomwa moto. Viongozi wakuu akiwemo Mao walitia saini pendekezo la kuchomwa mwaka 1956, na mjini ndiyo desturi. Qingming ya jamaa niliopanga kwao ni kwenda kwenye ukuta wa vijumba vya majivu, kufuta vumbi kwenye picha, kuweka maua na matunda, kuinama, kuondoka. Foleni ya magari ni ndefu kuliko ziara yenyewe.

Karatasi wanachoma usiku njia panda, japo manispaa inakataza. Wanachora duara kwa chaki, wanaacha mwanya upande wa kaburi lilipo, wanachoma humo ndani. Asubuhi unapita unakuta madoa meusi. Huku pia kuna siku ya kwanza ya mwezi wa kumi wa kalenda ya Kichina, wanachoma nguo za karatasi kwa sababu baridi inaanza na wafu nao wanasikia baridi.

---

Neema_GZ

Mkuu asante. Dada mama_wawili, moja la mwisho. Sebuleni kwa wakwe kuna kijirafu chenye taa nyekundu na vibao vya mbao vina maandishi. Mama mkwe anaweka udi asubuhi. Na amesema tukitoka kilimani tutapita ukumbi wa ukoo, "jina lako liingie kitabuni". Nimekubali bila kuelewa nimekubali nini.

---

mama_wawili

Umekubali jambo kubwa, na mimi ningekubali.

Vibao vile ni vya majina ya wazee wa karibu, kila kimoja na nafsi yake. Imani ya wengi ni kwamba mtu akifa roho yake ina sehemu zaidi ya moja: nyingine inabaki kaburini, nyingine inakaa kwenye kibao, nyingine inakwenda ahera. Ndiyo maana wanapanda kilima na bado asubuhi wanaweka udi sebuleni. Usivisogeze unapopangusa vumbi. Acha mama mkwe apanguse, wewe shika kitambaa. Na mezani usije ukasimamisha vijiti vya kulia katikati ya wali, hivyo ndivyo wanavyowekewa wafu.

Vizazi vikipita, kibao kinaondoka nyumbani na jina linabaki kwenye ukumbi wa ukoo. Ukitaka kuona ukumbi ulivyo ukiwa na pesa, nenda Chen Clan Academy hapohapo Guangzhou, ulijengwa 1890 hadi 1894 kwa michango ya akina Chen wa kaunti 72, sasa ni makumbusho ya sanaa za jadi za Guangdong. Wa kijijini kwenu utakuwa mdogo, una feni ya dari na meza za mchezo wa mahjong. Usidharau.

Kitabu ni orodha ya ukoo kizazi kwa kizazi. Zamani mke aliandikwa kwa ubini wa kwao tu pembeni ya mume, na mabinti wengi hawakuandikwa kabisa kwa sababu wataandikwa waendako. Sasa yamebadilika. Toleo la ukoo wa Kong, wa Confucius, lililotoka 2009 lina majina zaidi ya milioni mbili na ndilo la kwanza kuingiza wanawake. Sera ya mtoto mmoja imechangia pia: nyumba yenye binti peke yake imwandike nani? Kwenye vilima vyetu siku hizi unaona binti aliyeolewa mbali amerudi kufyeka kaburi la baba yake, na mumewe yuko nyuma kabeba kuku.

Uliza kitabu chenu ni cha lini. Mwaka 1966, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni walipokuwa wakiharibu kila kilichoitwa cha kale, vitabu hivi na vibao vilichomwa ovyo. Kilichopona kwetu kilifichwa chini ya nguruwe, zizini, na kurasa za mwanzo zina doa la unyevu mpaka leo. Baba mkwe anakionyesha lile doa kabla ya majina.

Watakuuliza jina lako la Kichina liandikwe kwa herufi zipi. Kaa na mumeo leo mchague, mwandike kwenye karatasi, usiende kuamuliwa na mjomba mwenye brashi.

---

kipara_ngoto

Haya nimekubali si uchawi. Ila hiyo foleni ya alfajiri, kwa nini wote waende siku moja? Wafu wana haraka gani?

---

mama_wawili

Si lazima siku moja. Qingming inaangukia tarehe 4 au 5 Aprili kwa sababu inafuata jua, siku kama 15 baada ya usawa wa usiku na mchana wa machipuo. Lakini wengi wanahesabu siku kumi kabla na kumi baada kuwa ni zilezile. Watu wamebanana kwa sababu ni sikukuu ya mapumziko ya taifa tangu 2008 na kazini hawapewi ruhusa nyingine. Aliyekosa kabisa huku Guangdong anaweza kwenda Chongyang, tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda yao, makaburi yanatembelewa pia na hali ya hewa ni nzuri zaidi.

Kwa hiyo Neema, foleni ikiwatisha mnaweza kwenda wikiendi ya kabla. Ila pendekezo hilo kwa mama mkwe alipeleke mumeo, wewe uwe jikoni unakunja karatasi.